Mtia Upepo wa Kinanda

Usiku ule Nyanchama alijinyoosha tu kitandani, usingizi haukuja. Simu aliiweka kifuani, kioo kikitazama juu, ili ikiangaza aione mara moja. Kiyoyozi cha chumba kilikuwa na tabia ya kukohoa kabla ya kujizima, na kila kilipokohoa alidhani ni simu. Tangu magharibi alikuwa amemtumia binti yake ujumbe wa sauti wenye swali moja: "Fi, mwanangu, siku ya tamasha utapiga wimbo gani? Watu wa kanisa wanauliza." Ujumbe ulikuwa umefika, alama zake mbili zilionekana pale chini, lakini zilikuwa bado za kijivu. Fiona hakuwa ameusikiliza.

"Mama Fiona," sauti ikatoka kitanda cha juu, "unajigeuza kama chapati. Kitanda kinatikisika hadi huku."

Aliyesema ni Akinyi, mwenzake wa chumba na wa kazini, mwanamke wa Siaya asiyejua kunong'ona.

"Hajajibu."

"Atajibu. Kwani Ulaya watu hawalali?"

"Wako nyuma yetu kwa saa moja tu."

"Haya basi. Yeye hulala saa moja baada yako. Sasa kama wewe hujalala, yeye ataanza lini?"

Nyanchama hakucheka. Alikuwa mtu wa kuhofia mambo kabla hayajatokea. Gesi ya jikoni aliifunga mara mbili. Mlango wa chumba aliuvuta hata baada ya kusikia kufuli imelia. Hata hivyo hofu yake haikumzuia kufanya jambo. Alilifanya kwanza, kisha akaliogopa. Na alichokiogopa usiku ule ni jambo alilokwisha kulifanya Ijumaa iliyotangulia, mbele ya kanisa zima.

Alizaliwa upande wa Nyamira, kwa Wakisii, akaacha shule darasa la saba, akaolewa, akafiwa. Fiona alipokuwa bado analilia kubebwa, alimwacha kwa nyanya yake akaja Doha. Alianza na kazi za nyumbani, kisha akapata kazi ya dobi katika hoteli moja kule The Pearl, na hapo ndipo alipozeekea. Kazi yake ni pasi ya mvuke. Ni mashine yenye mdomo mpana: unatandaza foronya, unakanyaga pedeli, mdomo wa juu unashuka na mvuke unatoka pembeni. Ukikanyaga kwa hasira kitambaa kinakunjamana, na msimamizi anakirudisha bila neno. Wageni wa hoteli hawajui kama kuna watu kule chini. Wanajua shuka zimenyooka, basi.

Fiona alikua huko nyumbani, akaenda chuo cha ufundi kusomea useremala, jambo lililomnyima mama yake usingizi kwa muda mrefu, kwa kuwa yeye alitaka muuguzi. Kisha akatokea mzee mmoja Mjerumani, fundi wa vinanda vya kanisa, aliyekuja Kenya kutengeneza kinanda kimoja cha zamani na akawa anatafuta vijana wa kuranda mbao. Fiona akaranda mbao. Mzee alipofunga kazi yake, alimtafutia nafasi ya kwenda kujifunza ufundi huo kwao, katika mji mdogo wa kaskazini mwa Ujerumani. Jina la mji huo Nyanchama alijaribu kulitamka mara kadhaa, akaliacha, akawa anasema tu "kule kwa Mjerumani."

Kabla Fiona hajasafiri, Nyanchama aliona kapu la soksi nene katika duka moja la Al Wakrah, za kijivu zenye mstari mwekundu kifundoni. Hakuna aliyezitaka. Akanunua jozi kadhaa, akampa Akinyi aliyekuwa anakwenda likizo azipeleke Nairobi.

"Doha hii," Akinyi alisema, akizibana kwenye begi, "joto la kuchemsha mayai, na wewe unanunua soksi za theluji. Mwenye duka lazima alikuombea dua."

Soksi zilifika, Fiona akafika. Muda si muda simu yake ikaanguka kutoka juu ya jukwaa la mafundi, kamera ikafa. Aliahidi kununua nyingine; alipopata pesa akanunua patasi. Tangu hapo Nyanchama alikuwa na sauti ya binti yake tu. Alijua kwa sauti kama Fiona ameshiba, kama ana mafua, kama kuna mtu karibu naye. Lakini kumwona hakuwa amemwona tangu majira ya baridi, na jambo hilo lilimkaa kama mwiba usioonekana: hauumi sana, ila kila ukikanyaga upo.

Ndipo ikaja habari ya tamasha. Huko kwa Mjerumani, kila mwaka wakati wa kiangazi, watu huzunguka vijijini kanisa kwa kanisa kusikiliza vinanda vilivyotengenezwa zaidi ya miaka mia tatu iliyopita. Si vinanda vya umeme kama cha Mike, kijana anayepigia kwaya yao. Ni vinanda vya mabomba, vikubwa kama nyumba, vimejengwa ukutani. Na nyimbo zinazopigwa ni za enzi hizo hizo, muziki unaoitwa wa baroki. Fiona alisema kwa sauti ya kushiba: "Niko kwenye kikosi cha tamasha, Mama! Nimepewa kinanda cha kanisa kubwa, siku ya ufunguzi, Ijumaa. Wataonyesha moja kwa moja kwenye mtandao."

Nyanchama alisikia kinanda, akasikia Ijumaa. Zaidi ya hapo hakuuliza. Katika maisha yake yote hakuwahi kuona mtu aliyepewa kinanda ambaye hakipigi.

Kanisa lao hukutana Mesaimeer, ndani ya eneo la makanisa, katika ukumbi ambao vikundi vingi hupokezana. Siku yao ni Ijumaa, siku ya mapumziko, na wengi wamezoea kiasi kwamba mtu akienda likizo Kenya hujikuta amevaa nguo za ibada siku ambayo si yake. Baada ya nyimbo huwa kuna ushuhuda. Ushuhuda wa pale una kawaida yake: mtu husimama na jambo la kadiri ya kiganja, na likipita kwenye kipaza sauti cha Mchungaji Ndirangu linakuwa la kadiri ya hema. Nyanchama alisimama akaomba maombi kwa ajili ya bintiye aliye kwenye tamasha la vinanda.

"Mmesikia?" mchungaji akanguruma. "Binti yetu atapiga kinanda Ulaya! Mbele ya mataifa! Kinanda cha miaka mia tatu!"

Vigelegele vikapigwa. Hannah, mwenyekiti wa akina mama, akasimama hapo hapo akasema wiki ijayo baada ya ibada hakuna kwenda nyumbani; projekta itawekwa, chai itapikwa, na kanisa lote litamtazama Fiona. Hannah alikuwa nesi, anaishi na familia yake, na mwanawe Bradley anafundishwa piano na mwalimu wa kulipwa. Aliposema "litamtazama" alikaza neno hilo kidogo. Nyanchama, ambaye haachi kitu kipite, aliliona.

Jibu la Fiona lilifika asubuhi, mashine zikiwa zimekwisha kuwaka. Nyanchama alilisikiliza saa ya chai, nyuma ya matoroli ya taulo, simu ameibana sikioni.

"Mama, pole, nilikuwa ndani ya kanisa, kuta zake nene, network haiingii. Sasa wimbo gani? Aki Mama, mimi sipigi! Nani alikwambia napiga? Mpigaji ni profesa mmoja, mama wa nywele nyeupe, amezeekea kwenye hivi vinanda. Mimi natia upepo. Unajua kinanda cha mabomba ni kama filimbi nyingi, lazima zipulizwe. Siku hizi kuna mota ya kupuliza, lakini kwenye tamasha wanaizima, wanataka kipumue kama zamani. Kwa hivyo nyuma yake kuna chumba, kina mivukuto mikubwa ya mbao na ngozi, kama ile ya mfua chuma, na kila mvukuto una gogo lake la kukanyaga. Tuko wawili, mimi na mzee wangu. Unapanda juu ya gogo, linashuka nawe polepole, unahamia la pili. Bila viatu, tusipige kelele. Ukikanyaga kwa pupa sauti inatetemeka na kanisa zima linasikia. Unakumbuka nilivyokuwa nakanyaga udongo wa kukandika nyumba ya nyanya? Ni hivyo hivyo, ila huku huchafuki."

Nyanchama aliusikiliza mara mbili, kisha akampa Akinyi simu. Akinyi alisikiliza huku mdomo ukizidi kufunguka.

"Kwa hiyo Fi ni jenereta."

"Akinyi."

"Sicheki, nashangaa tu. Wazungu stima wanayo, wanaizima, halafu wanaita Mkisii akanyage." Kisha akacheka kweli, akaegemea taulo. "Wee! Na projekta imeshapangwa!"

"Nitamwambia nini mchungaji?"

"Mwambie ukweli. Mwambie binti hapigi, anapuliza."

"Ametangaza mbele ya watu. Nikimwambia si ni kama namwita mwongo?"

"Na usipomwambia, mwongo ni nani?"

Nyanchama akarudi kwenye pasi yake, akakanyaga pedeli, na foronya ya kwanza ikatoka imekunjamana. Msimamizi akaiweka kando. Ya pili ikatoka sawa.

Jioni aliuliza swali jingine, kwa ujanja. Je, watu watamwona anayepiga? Fiona akajibu kwamba kule haonekani mtu. Kinanda kiko juu kwenye roshani, na watu wamekipa mgongo; wanaangalia madhabahu na kusikiliza nyuma. Wanaotia upepo ndio kabisa hawaonekani, wamefungiwa chumbani mwao. "Ila kuna kamlango kadogo ubavuni mwa kinanda. Ukimaliza vizuri, mpigaji huja kubisha, anawaita mtoke mpigiwe makofi. Ni desturi ya zamani. Lakini si wote wanaifuata. Mwaka jana, mzee wangu anasema, sauti ilitetemeka mara moja tu, na mpigaji akashuka zake. Hakubisha."

Basi Nyanchama akajikuta na njia mbili. Kama hakuna anayeonekana, angeweza kukaa kimya, kinanda kikalia, watu wakapiga vigelegele, wakanywa chai, wakaenda. Asingekuwa amesema uongo. Angekuwa tu hajasema. Alilibeba wazo hilo wiki nzima, analipima, analirudisha. Lakini chini yake palikuwa na jambo la pili ambalo hakumwambia hata Akinyi. Alitaka mlango ule ufunguliwe. Ukibaki umefungwa, siri yake ingekuwa salama na Fiona asingeonekana. Ukifunguliwa, siri ingetoka pamoja na Fiona. Kufikia Alhamisi alikuwa ameshajua moyo wake uko upande gani, na alijiogopa.

Ijumaa joto lilikuwa la kukausha mate. Basi la kampuni lilitoka Al Wukair, wanakoishi, limejaa watu waliovaa vizuri, leso shingoni, viatu vya kanisani mkononi kwenye mfuko. Langoni walipekuliwa mifuko kama kawaida. Mutai, mlinzi wa zamu, kijana wa Kericho anayejua kila uso, alimsimamisha Nyanchama kidogo.

"Mama Fiona, nasikia leo mtoto anapiga ngoma Ulaya."

"Kinanda," Akinyi akasema.

"Ni hicho hicho. Mniwekee chapati."

Ibada iliisha, meza zikasogezwa, Mike akaunganisha projekta. Hannah alikuwa ameleta keki yenye umbo la kinanda cha piano, funguo nyeusi na nyeupe zimepangwa kwa ustadi, na jina la Fiona kwa krimu. Nyanchama aliiona keki ile, akarudi nyuma. Akaketi safu ya nne, karibu na ukuta. Mchungaji akamfuata akamshika mkono, akamketisha safu ya mbele.

"Mchungaji," akaanza, "kuna kitu kuhusu Fiona…"

"Usilie sasa, Mama. Ngoja kwanza apige."

Taa zikazimwa. Ukutani likatokea kanisa refu jeupe, watu wameketi wamenyamaza, madirisha yakiwa bado na mwanga wa jioni yao. Kisha kamera ikapanda, na kinanda kikaonekana. Ukumbi ulipumua kwa pamoja. Kilikuwa kinafika darini, mabomba ya bati yamepangwa makubwa kwa madogo, na juu kabisa malaika wa mbao wameshika tarumbeta. Upande wa kulia, chini pale pale roshani, palikuwa na mlango mdogo wa rangi ya kijani. Nyanchama aliuona kabla ya kuona kitu kingine chochote. Ulikuwa umefungwa.

Sauti ilianza. Haikuwa kama walivyotarajia. Haikuwa tamu, ilikuwa kubwa na nzito, ikaingia ukumbini kupitia spika za Mike ikatikisa vikombe. Mtu wa nyuma akasema, "Yesu!" Mchungaji Ndirangu alitabasamu kama aliyekipiga mwenyewe.

Kisha wenye kamera wakafanya jambo ambalo Fiona hakulijua. Walikuwa wameweka kamera nyingine juu ya roshani, karibu kabisa, na picha ikabadilika. Pakatokea mikono miwili ikikimbia kwenye funguo. Ilikuwa mikono ya mzee, yenye mishipa, myeupe. Kidole kimoja kilikuwa na pete.

Watu wakageukiana.

"Pengine wanabadilishana," mtu akasema.

"Pengine yake ni baadaye."

Kamera ikarudi nyuma, ikaonyesha nywele nyeupe na bega. Hannah akageuza shingo, taratibu, kama anayeangalia sufuria. "Mama Fiona, huyu ndiye? Maana Bradley wangu yuko gredi ya tano ya piano sasa, na mikono yake haijabadilika rangi."

Wengine walicheka, wengine wakajizuia. Nyanchama alimgeukia mchungaji. Mchungaji alikuwa akimtazama, na katika uso wake hapakuwa na hasira, palikuwa na kusubiri, na hicho kilikuwa kibaya zaidi.

Aliyesimama ni Akinyi, kikombe mkononi.

"Haya, mcheke mmalize. Mmemaliza? Hicho kinanda hakina umeme. Wazungu wameuzima makusudi. Fiona yuko ndani ya ukuta ule, yeye na mzee wake, wanakanyaga upepo. Akisimama sasa hivi, huyo mama wa pete atabaki anagusa mbao tu. Mike, si ndiyo?"

Mike hakuwa na hakika, lakini alipenda kuulizwa. "Kama kina mivukuto, ndiyo. Bila upepo hakilii."

"Kwa hiyo ni fundi?" mchungaji akauliza polepole.

"Ni seremala," Nyanchama akasema. Sauti yake ilimtoka ndogo. "Alinieleza baada ya ile Ijumaa. Nilishindwa kuwaambia."

Hannah alitazama keki yake yenye funguo, kisha ukuta. "Sasa tutamwonaje?"

"Kuna mlango. Ule wa kijani. Wakimaliza vizuri, mpigaji atabisha watoke."

"Na wasipomaliza vizuri?"

Nyanchama alirudisha macho kwenye mlango.

Basi kanisa likatazama upya. Jambo la ajabu ni kwamba sasa walisikiliza, maana mwanzoni walikuwa wanangoja tu kumwona mtu. Wazee wawili wa nyuma walianza kupumua pamoja na kinanda bila kujijua. Sauti iliposhuka ikawa nyembamba kama ya filimbi moja, Mike akanong'ona kwamba hapo upepo unatakiwa kidogo; ilipopanda, mtu akasema, "Kanyaga, mama, kanyaga!" Miguu ya Nyanchama nayo ilikuwa ikishuka na kupanda sakafuni, kulia, kushoto, ndani ya viatu vyake vya kanisani. Hakuna aliyeiona ila Akinyi.

Kulikuwa na wimbo wa tatu, mrefu, wenye sauti za chini zinazokaa mahali pamoja bila kuhama. Katikati yake kinanda kilitetemeka. Kilikuwa kitu kidogo, kama sauti ya mtu aliyemeza mate akiwa anaongea. Waliokuwa ukumbini wengi hawakukitambua. Nyanchama alikitambua. Alisimamisha miguu yake. Alimwona Fiona yule mdogo wa kwa nyanya, mwenye pupa, anarukaruka kwenye udongo mpaka unamrukia usoni, na akamwambia kimoyomoyo kama alivyokuwa akimwambia zamani alipokwenda likizo: polepole, udongo haukimbii. Ukutani profesa hakuinua kichwa. Sauti ikakaa sawa, ikaendelea.

Mlango wa ukumbi ukafunguliwa nyuma yao, joto likaingia. Walikuwa Wahindi wa Kerala, ambao zamu yao ya ukumbi ilikuwa inafuata: wanawake waliovaa sari, vijana wenye magitaa, watoto. Kiongozi wao alionyesha saa yake kwa adabu.

"Dakika kidogo, ndugu," mchungaji akamwomba kwa Kiingereza. "Kuna binti yetu."

Yule bwana alitazama ukuta, akaona kinanda, akaketi kwenye kiti cha karibu. Wenzake wakabaki wamesimama kando ya milango.

Wimbo wa mwisho ulipoisha, sauti ilibaki angani kidogo kabla ya kufa. Watu wa kanisa lile jeupe wakasimama, wakageuka nyuma, wakapiga makofi. Profesa alikuja kwenye ukingo wa roshani, akainama. Akainama tena. Akaweka mkono kifuani, akatabasamu, akageuka akatoka kwenye picha upande wa kushoto, mbali na mlango.

Kamera ikabaki na roshani tupu. Makofi yakaendelea, kisha yakaanza kupungua kama mvua inayohama. Nyanchama aliutazama mlango wa kijani. Ulikuwa na kitasa kidogo cha shaba, na kitasa hakikutikisika.

"Pengine huko hawajui kama imeisha," Akinyi akasema, kwa sauti ambayo kwake ilikuwa kunong'ona.

Hannah aliinuka, akaanza kukunja viti vya safu ya pili taratibu, bila kuvigonganisha. Alipopita nyuma ya Nyanchama, alimgusa bega. "Nitafuta hizo funguo kwenye keki, niache jina tu," akasema. "Itakatwa hivyo hivyo."

Mmoja wa vijana wa Kerala aliwasha taa. Picha ukutani ikapauka. Mike aliinama akashika waya wa projekta, akamwangalia mchungaji, na mchungaji akamwangalia Nyanchama. Nyanchama akatikisa kichwa kukubali. Zamu ya watu ni zamu ya watu.

"Wait," akasema yule bwana wa Kerala aliyekuwa ameketi. Alikuwa bado anatazama. "Wait, please."

Profesa alikuwa amerudi. Alitokea upande ule ule wa kushoto, mikononi ana glasi mbili za maji, akakatiza roshani nzima kwa hatua za mtu mwenye magoti mabaya. Alifika kwenye mlango mdogo. Mikono yake ilikuwa imejaa, hivyo akabisha kwa kiwiko.

Hakuna aliyefungua. Ukumbini Mesaimeer watu waliacha kukunja viti. Waliokuwa mlangoni wakasogea mbele ili waone, Wahindi kwa Wakenya, na mtu akazima taa tena bila kuambiwa.

Akabisha mara ya pili. Mlango ulivutwa kwa ndani, ukakwama kidogo, ukafunguka, na kitu cha kwanza kilichotoka kilikuwa mguu, umevaa soksi nene ya kijivu yenye mstari mwekundu kifundoni.